Naombeni ushauri wakuu, kava za santuri za roki

Habari zenu wakuu, mi napenda sana zile roki ndefundefu za Uingereza za enzi za santuri, sasa kila nikisoma habari za kava ni mchoraji Roger Dean na lile kundi la wabunifu Hipgnosis tu, utadhani wengine hawakuwepo. Mfano Barry Godber, ndo alichora lile lisura jekundu linalopiga ukelele kwenye albamu ya kwanza ya bendi ya King Crimson, 1969, mwaka uliofuata akafariki ana miaka 24 tu, kava lingine hakuacha, inauma. Paul Whitehead nae kawachorea bendi ya Genesis kava tatu mfululizo, Trespass, Nursery Cryme na Foxtrot, nani anamtaja? Nataka nizitundike sebuleni ila zangu zimeanza kuota ukungu pembeni, nizitie fremu hivohivo au niskani nikaprinti? Na wachoraji gani wengine niwatafute?