Kodi ya mapato kwa tunaoishi kwa maudhui: kujifanyia mwenyewe, programu au mhasibu?

Kalamu_na_Kamera
Wakuu, habari za saa hizi. Natengeneza video na ndiyo kazi yangu, sina mwajiri, kwa hiyo hakuna anayenikata kodi juu kwa juu kama mtu wa mshahara. Hela inaingia kwa milango minne: matangazo ya YouTube, udhamini wa kampuni, kamisheni za linki na wanachama wanaochangia kila mwezi. Nina njia tatu mezani:

1. Faili la Excel na bahasha ya risiti, ritani najaza mwenyewe.
2. Programu ya hesabu ya kulipia kwa mwezi, inayosoma miamala ya benki yenyewe.
3. Mhasibu, namkabidhi kila kitu.

Rafiki zangu wananisukuma kwa mhasibu. Mimi naona ni gharama kwa kazi isiyo ngumu kiasi hicho. Mliopita huko, tofauti hasa iko wapi?

Mzee_wa_Excel
Excel, wala usijiulize. Safu zangu: tarehe, aliyelipa, kiasi kwa sarafu aliyolipia, kiwango cha kubadilishia siku hiyo, kiasi kwa sarafu ya nyumbani, na kilichokatwa kabla hakijanifikia. Ukurasa wa pili ni matumizi. Najaza kila Jumapili, robo saa haiishi. Hizo programu wanakuuzia urembo tu. Grafu ya rangi haijawahi kumpunguzia mtu kodi.

Tutu_Podikasti
Mzee, wewe una Jumapili. Wengine hatuna. Mimi nilichukua programu kwa ajili ya risiti: napiga picha, inasoma kiasi na tarehe, naendelea na shughuli zangu. Ila Kalamu, usidanganyike na hilo la "inasoma benki yenyewe". Inaona kilichoingia benki, basi. Haijui kwamba kampuni imekulipa kwa maikrofoni badala ya pesa, na sehemu nyingi maikrofoni hiyo ni mapato kwa thamani yake sokoni. Haijui mtandao umechukua ada yake kabla ya kukutumia. Halafu ukihamisha pesa kutoka akaunti yako moja kwenda nyingine, inaweza kuisoma kama mapato mapya. Lazima uipitie kwa macho.

Ankara_Safi
Mimi ni mhasibu, kwa hiyo mjue nina upande. Tutu amegusa penyewe. Njia zote tatu zinakwama mahali pamoja: mtu anaandika kilichofika, haandiki kilichopatikana. Karibu kila nchi inataka utangaze mapato ghafi, yaani kabla ya ada ya mtandao na kabla ya kodi ya zuio (ile mlipaji anayokukata na kuipeleka serikalini kabla hajakulipa). Ada inakwenda upande wa matumizi. Kodi ya zuio mara nyingi una haki ya kudai ipunguzwe kwenye kodi unayodaiwa. Ukiandika kilichofika tu, siku mlipaji akipeleka taarifa zake kwa mamlaka, namba zenu hazitalingana. Na ile kodi uliyokwisha kukatwa hutaidai, kwa sababu kwenye vitabu vyako haipo.

Chukua YouTube. Tangu Juni 2021 Google huwakata watengeneza maudhui walio nje ya Marekani kodi ya Marekani, kwenye mapato yanayotokana na watazamaji wa huko. Tuseme mwezi umeleta dola 600, na 150 kati yake ni za watazamaji wa Marekani. Kama hujajaza taarifa za kodi kabisa, wanaweza kukata asilimia 24 ya zote, hata za watazamaji wa kwingine: dola 144. Ukijaza W-8BEN, fomu ya Marekani ya kuthibitisha kwamba wewe si wa huko kikodi, na nchi yako haina mkataba wa kodi na Marekani, ni asilimia 30 ya zile 150 peke yake: dola 45. Wenye mkataba wanakatwa pungufu ya hapo; India ni asilimia 15, Uingereza ni sifuri. Kenya, Tanzania na Uganda hazina mkataba huo. Kuijaza hiyo fomu ni kazi ya muda mfupi, na kwa wengi inaokoa pesa kuliko mhasibu yeyote, mimi nikiwemo.

Ina mwisho wake pia. Iliyosainiwa 2024 inakwisha 31 Desemba 2027. Aliyekatwa hutolewa hati ya 1042-S, inayoonyesha kiasi alichokatwa, mwaka unaofuata; ihifadhi, ndiyo ushahidi ukienda kudai unafuu nyumbani, kama sheria ya kwenu inaruhusu.

Mzee_wa_Excel
Safu yangu ya sita hiyo, dada.

Ankara_Safi
Nimeiona, kaka. Ndiyo maana sijakugusa.

Nyuzi_na_Sindano
Naomba kudandia. AdSense, ile huduma ya Google inayotulipa pesa ya matangazo, hulipa kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo pesa ya Desemba inafika Januari. Naiandika mwaka upi?

Ankara_Safi
Inategemea unahesabu vipi. Kuna wanaohesabu pesa inapofika mkononi: yako itakuwa ya mwaka mpya. Kuna wanaohesabu pale ulipoistahili, hata kama haijafika: hapo ni ya mwaka uliokwisha. Nchi nyingi huwaruhusu wenye biashara ndogo kutumia njia ya kwanza. Ulizia kwenu, chukua moja, ubaki nayo. Anayerukaruka kila mwaka ndiye anayeulizwa maswali.

Boda_la_Mawazo
Mbona hakuna aliyetaja kufungua kampuni? Sehemu nyingi kodi ya kampuni iko chini ya daraja la juu la kodi ya mtu binafsi.

Tutu_Podikasti
Ndiyo, lakini pesa ya kampuni si yako. Kuila ni lazima ujilipe mshahara au gawio, na kwa kawaida hapo inakatwa tena. Halafu una ritani mbili, yako na ya kampuni, na huyo mhasibu unayemkwepa sasa utamhitaji. Faida inaonekana kama unaacha sehemu kubwa ya pesa ndani ya kampuni. Ukiitoa yote kila mwezi, umejiongezea makaratasi tu.

Boda_la_Mawazo
Sawa, nakubali hapo. Ila kuna wadhamini wasiotaka ankara ya mtu binafsi.

Kapu_la_Nane
Mnalinganisha vitabu tu, pesa yenyewe iko wapi? Fungueni akaunti ya pili. Kila malipo yakiingia, sehemu ya kodi inahama siku hiyo hiyo. Asilimia ngapi? Chukua kodi uliyolipa mwaka jana, igawe kwa mapato ghafi ya mwaka huo, uongeze kidogo kama chaneli inakua. Na angalieni kama kwenu kodi hulipwa kwa awamu mwaka ukiendelea. Marekani, kwa mfano, aliyejiajiri hulipa mara nne: Aprili, Juni, Septemba na Januari. Mwenye kusubiri ritani huko anakuta na adhabu juu.

Kalamu_na_Kamera
Nawashukuru. Kumbe ugumu wangu ni hiyo milango minne, kila mmoja na makato yake. Nimeamua: Excel kwa safu za Mzee, na mhasibu mara moja kwa mwaka kabla ya kuwasilisha. Programu naiacha kwanza. Kamera mpya na simu ninayotumia hadi kupigia nyumbani, nayo naiandika yote?

Mzee_wa_Excel
Simu hapana, ni ile sehemu ya kazi, na uwe na maelezo umeipataje. Kamera ya kazi tupu inaingia, ila nchi nyingine hukulazimisha uigawe kwa miaka kama uchakavu. Nguo za kawaida sahau, hata kama unazivaa kwenye video tu.

Kalamu_na_Kamera
Dada Ankara, mtu wa mara moja kwa mwaka aje na nini?

Ankara_Safi
Faili lenyewe, taarifa ya malipo ya mwaka mzima kutoka kila mtandao (si ya benki peke yake), mikataba ya udhamini, orodha ya vitu ulivyopewa bure, hati za zuio, na ritani ya mwaka jana. Na muulize bei mapema: anatoza kwa saa au kwa ritani? Mwenye faili kama la Mzee ajadili kwa saa, atalipa kidogo. Usimwendee wiki ya mwisho. Mimi wiki hiyo mteja mpya simpokei.