Nisakinishe WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows) au nigawe diski niweke Ubuntu (Linux kamili)? RAM GB 8

Kijana_Pasua: Habari wakuu. Niko Moshi, laptop ina Windows 11, RAM GB 8, SSD imebakiza GB 60. Nahitaji bash (amri za Linux) na Python kusafisha data za mvua, lakini ofisi inatumia Excel yenye makro, kwa hiyo Windows haiondoki. Bando nalo ni la kuhesabu. Mnashauri nini?

Fundi_Ngarenaro: WSL, mkuu. Faili ya kusakinisha Ubuntu ya kawaida inapita GB 5. Ya WSL haifiki hata GB 1. Ingia BIOS (mipangilio ya laptop kabla Windows haijawaka) uwashe VT-x, uwezo wa kuendesha mashine pepe (kwenye AMD inaitwa SVM), halafu fungua PowerShell (dirisha la amri la Windows) kama msimamizi: `wsl --install -d Ubuntu`, uzime na kuwasha.

Data usiziache diski C ukazisoma kupitia `/mnt/c`. WSL 2 ni kerneli (kiini) halisi ya Linux ndani ya mashine pepe, na kila faili ya Windows inavushwa kwa itifaki ya 9P. Faili moja kubwa hutaona shida. Ndogo ndogo elfu kumi ni foleni ya Kilombero siku ya soko. Weka `/home`, upande wa Windows utazifungua kwa `\\wsl$`.

SakinaRoot: RAM hujamwambia. WSL 2 huweza kuchukua hadi nusu, yaani GB 4, na Excel itaanza kukwama. Tengeneza `C:\Users\jina_lako\.wslconfig`:

[wsl2]
memory=3GB
swap=2GB

Swap ni sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa. Kisha `wsl --shutdown`. Angalia Notepad isikubandikie `.txt` mwishoni, mpangilio hautasomwa na hutaambiwa kitu. Pia skripti za Notepad zikigoma kwa `bad interpreter` yenye `^M`, ni miisho ya mistari ya Windows: `sed -i 's/\r$//' skripti.sh`.

Mzee_wa_Kerneli: Mimi sikubaliani. Gawa diski, Ubuntu ipate RAM yote, GB 8. Hiyo `ext4.vhdx`, faili ambayo ndiyo diski ya WSL, inavimba, na ukifuta data hainywei yenyewe mpaka uibane kwa `diskpart`. Kwa GB 60 utaisikia.

SakinaRoot: Kweli, mzee, ila kila akitaka Excel azime awashe? Na kabla ya kugusa diski aandike pembeni ufunguo wa BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows), azime na Fast Startup (uwashaji wa haraka wa Windows). Asipofanya hivyo atarudi hapa analia.

Kijana_Pasua: Asanteni. Kipima mvua kinasomwa kwa USB, WSL itakiona?

Fundi_Ngarenaro: Kikijitokeza kama flashi, tuseme E: `sudo mkdir -p /mnt/e`, kisha `sudo mount -t drvfs E: /mnt/e`. Kikiwa cha serial (kinatuma data mfululizo, si kama flashi), sakinisha usbipd-win, programu ya kuipa WSL vifaa vya USB, upande wa Windows. `usbipd list` itakupa namba, mfano 2-3. Kama msimamizi piga `usbipd bind --busid 2-3`, halafu `usbipd attach --wsl --busid 2-3` huku Ubuntu iko wazi. Ukichomoa waya, attach unairudia, bind inabaki.

Mzee_wa_Kerneli: Kwenye Ubuntu kamili unachomeka tu. Basi, nimenyamaza.