Naomba ushauri: saluni za kisasa zinanimalizia wateja Fuoni

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni kinyozi hapa Fuoni, mwaka wa 9 huu. Nna mlango mmoja, viti viwili, kioo na feni. Mtu mzima nanyoa 2,000, mtoto 1,000.

Tangu mwaka jana, barabara hii hii zimefunguliwa saluni tatu za kiume. Kiyoyozi, taa za rangi, masofa. Ukishanyolewa unasuguliwa uso na kukandwa mabega. Wanatoza 10,000 na vijana wamejaa, hasa Alhamisi usiku. Mkesha wa Sikukuu iliyopita nilifunga saa nne. Zamani nilikuwa nanyoa mpaka alfajiri.

Mashine nazipangusa kwa spiriti kila kichwa, wembe ni wa mtu mmoja kisha natupa, maana mapunye na homa ya ini hupitia kwenye vifaa vichafu. Wazee wanalithamini hilo, watoto wao wanataka ubaridi.

Mlango wa pili uko wazi, lakini mwenyewe anataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo. Mkopo wa riba sitaki kabisa. Nitanue, au nibaki hapa nimtafute kijana anayejua mitindo tugawane mapato? Aliyepitia haya anisaidie, nna watoto wanasoma.