Wenzangu wa saluni na urembo, mlishawahi kuchoka mpaka mwili ukagoma? Tupeane uzoefu

Mama Fremu Mbili

Wadau habari za jioni. Leo nimepita saluni ya jirani yangu hapa Sinza, nimemkuta anasuka huku amejifunga khanga kiunoni kukaza mgongo, macho mekundu, simu ameibana begani anambembeleza mteja asihame. Nilisimama mlangoni machozi yakanitoka. Miaka mitatu nyuma huyo nilikuwa mimi.

Nina miaka 49. Nilianza kusuka nikiwa na 19 barazani kwenye nyumba ya kupanga, nikapata fremu ya duka, nikaongeza ya pili, halafu duka la mawigi na vipodozi. Desemba mnaijua. Harusi, send-off, watu wanakwenda kwao Moshi na Bukoba, kila mmoja anataka kichwa kipya. Nilikuwa naamka saa tisa usiku kwenda kupamba bibi harusi, saa mbili asubuhi nafungua saluni, nafunga saa sita usiku. Dawa za maumivu nilikuwa naziweka mfuko mmoja na vitana. Chakula changu chipsi mayai saa kumi jioni, nakula nimesimama. Kodi ya miezi sita, mabinti sita wa kulipa, umeme wa Luku, na mikopo miwili ya kausha damu, ile ya riba kubwa, mmoja naukopea kulipia mwingine.

Jumamosi moja kabla ya Krismasi nampaka bibi harusi wanja, mkono ukaanza kutetemeka. Masikio yakawa yanavuma. Nikainua macho kwenye kioo nikaona uso wangu juu ya uso wake, mimi na poda niliyojipaka usiku wa manane kuficha macho. Nikamwambia subiri kidogo nakuja. Nikaingia chooni nikakaa chini sakafuni na sikuweza kutoka. Dakika arobaini. Wanagonga, namsikia mama wa binti anasema msusi ametukimbia, na sauti ya kumjibu sina. Msaidizi wangu ndiye aliyemalizia ule uso. Zahanati walinipima presha ikasoma 190 kwa 115. Daktari akaniuliza siku ya mwisho kukaa bila kazi ilikuwa lini. Nilihesabu mpaka nikanyamaza.

Nilikwenda kwa mama Korogwe, nikakaa miezi miwili. Wiki mbili za kwanza hata kichwa changu sikukichana. Tangu nina miaka 38 nilikuwa napaka piko, rangi nyeusi ya nywele, kila baada ya wiki mbili, kwa hiyo nywele zangu za kweli nilikuwa sizijui. Zikatoka nyeupe, upande wa kushoto wote. Nikamwomba mama anitafutie piko mjini. Mama ana miaka 77, bado analima mihogo yake, uso ni mafuta ya nazi basi. Akanishika kichwa akakigeuza kwenye mwanga, akasema, "Hizi ni za bibi yako, naye zilimtoka upande huu huu." Akaendelea kumenya mihogo. Siku ile ndiyo nililala usingizi wa kweli.

Niliporudi nilifunga fremu moja. Sasa Jumatatu hatufungui, kazi ni kwa miadi, bibi harusi ni mmoja kwa Jumamosi. Piko nimeacha. Naomba wenzangu mseme ya kwenu, maana kwenye biashara hii tunaoneshana picha za kazi nzuri tu.

Rasta Mwanza

Dada hapo chooni umenitoa machozi.

Yangu ni vidole. Nasuka twisti na rasta mwaka wa kumi na nne sasa. Ilianza usiku, dole gumba na viwili vinavyofuata vinakufa ganzi, naamka nakung'uta mkono kama nimeshika moto. Nikadhani baridi ya feni. Mwezi wa tatu nikawa nadondosha kikombe. Nikasema hii ni husuda, nikazunguka kwa wataalamu wa kienyeji, hela ya mtaji ikaishia huko. Siku moja niko katikati ya kichwa cha mtu, nusu kimesukwa nusu bado, vidole vikagoma kushika uzi kabisa. Mteja ana safari ya saa kumi. Nililia mbele yake. Yule mama alinyanyuka, akafunga kilemba juu ya nusu ile, akanilipa hela yote, akaondoka. Mpaka leo namwombea dua.

Kinyozi Temeke

Vinyozi pia tumo. Kusimama masaa kumi na mbili, mishipa ya miguu imetoka kama kamba.

Nesi Zamu ya Usiku

Rasta, hiyo ganzi ya dole gumba na viwili vya jirani, inayozidi usiku, mara nyingi ni mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo cha mkono. Nenda ukapimwe kabla msuli wa chini ya dole gumba haujaanza kunywea. Wengi husaidiwa na kifaa cha kunyoosha mkono wakati wa kulala, na kupunguza vichwa kwa siku. Wachache hufanyiwa upasuaji mdogo.

Mama Fremu Mbili, presha ikifika 140 kwa 90 kwa vipimo vya siku tofauti tayari tunasema iko juu, wewe ulikuwa na 190. Mungu alikupenda. Kuhusu uchovu wa aina hii, Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliuweka kwenye orodha yake ya kimataifa kama hali inayotokana na kazi, na likasema wazi kwamba siyo ugonjwa. Dalili ni tatu: nguvu zinaisha, unaichukia kazi uliyokuwa unaipenda, na unaona huna unachofanya kikafaa.

Ila kina mama wa 45 mpaka 55 nawaomba msisahau jambo jingine. Huo ndio umri ambao wengi hedhi inakoma. Joto la ghafla, jasho la usiku, kukosa usingizi, kusahau, hasira za haraka. Wengi wanakuja wanasema biashara imenichosha, kumbe ni mambo mawili kwa pamoja. Wengine wanasema wamerogwa. Semeni hospitali, siyo aibu.

Mzee wa Jumla Kariakoo

Niseme ukweli ingawa mtanichukia. Mama zetu walilima, wakachota maji, wakazaa watoto tisa na hatukusikia habari za uchovu wa akili. Kichwa kimoja unasuka elfu hamsini, umekaa kivulini. Biashara bila kujituma haiendi. Ukifunga Jumatatu mwenzako anafungua.

Rasta Mwanza

Mzee, mama zako walipochoka uliwauliza? Mama yangu alikuwa analia jikoni akisema ni moshi.

Mzee wa Jumla Kariakoo

Sijamtukana mtu. Nasema hali halisi ya soko.

Mama Fremu Mbili

Mzee wangu, shikamoo. Hiyo elfu hamsini ni masaa sita, toa nywele, toa binti wa kusaidia, toa kodi. Na nimesimama, sijakaa. Nilijituma miaka thelathini, tusibishane hilo.

Binti Kisauni

Nawasalimu kutoka Mombasa. Mimi ni mpambaji, napiga hina na kusinga maharusi, kazi nilirithi kwa nyanya yangu aliyekuwa somo, yaani mfunzi wa bi harusi. Nilipoanza kufanya kwa pesa nyingi nikaipotosha kazi ile. Kusinga ni siku saba, bi harusi atulie ndani, asiguswe na jua, apakwe liwa ya msandali, mawaridi, asumini, mlangilangi na mrehani, huku somo anazungumza naye taratibu. Mimi nikafanya kwa saa mbili, maharusi watatu kwa siku. Mikono ikanichanika, na harufu ya waridi ikawa yanitapisha. Harufu niliyokua nayo.

Nikasimama mwaka mzima. Niliporudi nikaanza na wamama wa makamo, sio maharusi. Mmama wa miaka sitini aja, nampaka liwa, namkanda mabega, nampa maji ya ndimu, tunazungumza. Hakuna anayeniambia nimrudishe miaka ishirini. Ataka ngozi isimkauke, ataka aguswe na mkono wa mtu. Wengine hawajaguswa tangu waume zao wafariki. Napata kidogo kuliko zamani lakini nalala.

Kinyozi Temeke

Hiyo ya kuguswa ni kweli tupu. Wazee wangu wa Jumapili wengine nywele hawana, wanakuja kuoshwa kichwa tu.

Niliyeuza Mkorogo

Nimesoma tangu juzi nikiogopa kuandika. Mtanisema, nimekubali.

Nilikuwa na duka la vipodozi, na nyuma ya duka nilikuwa nachanganya mkorogo wa kujichubua kwenye ndoo. Krimu za magendo za aina tatu, mafuta ya maji, na kichupa ambacho aliyekuwa ananiuzia hakuwahi kuniambia kina nini. Nilikuwa nauza kwa makopo ya jam. Hela ilikuja haraka, nikajenga. Na mimi mwenyewe nilijipaka, maana sura yangu ndiyo ilikuwa tangazo.

Mdogo wangu alikuwa ananisaidia dukani. Alikuwa na weusi mzuri wa mama yetu na mimi ndiye niliyempa kopo la kwanza. Baada ya miezi kama saba akaanza kuvimba uso asubuhi, halafu miguu, kiatu hakiingii. Tukasema mimba. Mkojo ukawa na povu kama la sabuni. Hospitali wakasema figo zinavujisha protini. Daktari akauliza anakunywa dawa gani, hakuna. Akamtazama mikononi, sugu nyeusi kwenye viungo vya vidole na uso mweupe, akauliza, unapaka nini? Mdogo wangu akanitazama mimi. Hakusema. Mimi ndiye niliyesema.

Aliacha kupaka, akatibiwa, uvimbe ukaisha baada ya miezi mingi, ila bado anakwenda kliniki. Mimi dukani niliendelea miezi minne zaidi kwa sababu nilikuwa na mkopo. Hiyo ndiyo sehemu inayonitesa. Usiku silali, mchana nachanganya. Kila mteja akinishukuru nasikia mwili unakufa. Siku moja nikafunga mlango, nikavipeleka vyote nyuma ya nyumba nikavichoma moto. Nimekaa miaka miwili bila kazi. Uso wangu sasa una madoa ya bluu iliyoiva, nina 44, naonekana bibi. Sijui kama hii ni uchovu wa kazi au ni kitu kingine.

Dada wa Tegeta

Wewe ni muuaji. Watu watakupa pole, mimi sitoi.

Mzee wa Jumla Kariakoo

Mwacheni. Amesema ukweli ambao wenye maduka mia hawausemi.

Dada wa Tegeta

Shangazi yangu alijipaka hayo mafuta mpaka ngozi ikawa inachubuka kwa taulo. Aliyemuuzia amejenga ghorofa. Siwezi kumwacha.

Rasta Mwanza

Tegeta una haki ya uchungu wako. Lakini wateja wetu walikuwa wanatuuliza "una kitu cha kunitakatisha?" na sisi tulikuwa tunawaelekeza dukani. Mimi nilielekeza watu. Niandikeni na mimi.

Nesi Zamu ya Usiku

Kwa wote: povu na uvimbe vile ni picha ya zebaki kwenye figo, ile inayowekwa kwenye krimu za kujichubua. Ukiwahi kuacha, wengi hupata nafuu. Zebaki na haidrokwinoni, kemikali nyingine ya kung'arisha ngozi, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini, na tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Ukiwa na makopo usiyachome. Zebaki ikipata moto inakuwa mvuke unaovutwa na kila aliye karibu, watoto kwanza. Usimwage chooni. Yafunge vizuri kwenye chombo kisichovuja, weka mbali, uliza TBS au bwana afya wa kata namna ya kuyakabidhi.

Dada uliyeuza, hayo madoa ya bluu yanafanana na athari za haidrokwinoni. Usitafute krimu nyingine ya kuyatoa. Nenda kwa daktari wa ngozi, funika jua kwa kofia na mtandio. Na kupimwa figo ni wewe pia.

Niliyeuza Mkorogo

Sikujua kuhusu moshi. Siku ile watoto wa mpangaji walikuwa wanacheza uani.

Nesi Zamu ya Usiku

Ilikuwa mara moja na nje, lakini mwambie mama yao, wapimwe. Njoo inbox nikuelekeze.

Binti Kisauni

Dada, nyanya yangu alikuwa akisema ngozi nyeusi yazeeka polepole ikiachwa yenyewe. Ukija Mombasa nitakukanda, silipishi.

Mwajiri wa Wasusi Arusha

Ushauri wangu: ajiri, usisuke mwenyewe. Mimi nakaa kaunta tu.

Kinyozi Temeke

Ukikaa kaunta mabinti wanachukua namba za wateja wanawafuata nyumbani. Nimeona. Suka mwenyewe, punguza vichwa.

Mzee wa Jumla Kariakoo

Kunywa uji wa ulezi na ulale mchana. Ukiamka pandisha bei.

Dada Bado Sijaanguka

Mama Fremu Mbili, naomba unisaidie hesabu. Mimi nina 36, fremu moja, kausha damu moja. Ukifunga Jumatatu kodi inalipikaje?

Mama Fremu Mbili

Mdogo wangu, kwanza nilimaliza kausha damu kabla ya kufanya lolote. Niliuza draya mbili na kochi, na kikoba chetu kikanikopesha kwa riba ndogo. Pili, nilitazama daftari nikaona Jumatatu nilikuwa naingiza kichwa kimoja au viwili, luku na chakula cha mabinti vinakula yote. Tatu, nilipandisha bei ya kupamba bibi harusi nikachukua mmoja. Wateja wa mitindo ya mjini wengine waliniacha, walisema msusi mwenye mvi atajua nini. Wakaja wa umri wangu, wanaotaka kuacha dawa za nywele na kufuga nywele zao fupi. Hao hawana haraka na hawakopi. Miezi mitano ya mwanzo ilikuwa migumu, nisikudanganye, ada ya mtoto nilichelewesha.

Na pima presha wiki hii. Usisubiri Desemba.

Dada Bado Sijaanguka

Asante dada. Daftari sina, nakumbuka kichwani tu. Naanza kesho.

Rasta Mwanza

Mimi kesho hospitali na huu mkono. Mteja wa saa moja nimeshamwambia aje saa nane mchana, amenuna.

Dada wa Tegeta

Binti Kisauni, hiyo liwa ya kweli mnaipata wapi? Ninayouziwa huku haina harufu. Ni ya shangazi.