Gego limeacha kuuma lenyewe. Bado nikalipe laki mbili?

FundiMagauni (Jumapili usiku)

Wakuu, salaam. Mimi ni fundi cherehani, niko Morogoro, miaka 38. Wiki tatu zilizopita nilikuwa msibani, nikapakuliwa wali, kijiko cha pili tu nikatafuna jiwe. Gego la chini kulia, lile nililoziba mwaka 2019, likameguka. Nikaona aibu kutema mbele za watu, nikameza vyote: jiwe, kipande cha jino na ile ziba yenyewe.

Mwanzoni lilikuwa linashtuka kwa maji baridi tu. Baadaye ikawa chai ya moto ndiyo inalipandisha, na likishapanda halishuki. Usiku sasa! Nikilala linadunda kama cherehani ya umeme, nikikaa linapoa kidogo. Siku tatu nimelala kwenye kiti. Nimemeza diklofenaki, nimeweka karafuu. Jirani akaniambia nisage aspirini niipakaze pembeni ya jino, ufizi ukababuka ukawa mweupe, nikawa na maumivu mawili.

Kliniki wakanipiga picha. Daktari akasema kuoza kumefika kwenye mshipa. Ama ning'oe siku hiyohiyo kwa elfu thelathini, ama nisafishwe mizizi, ile wanayoita ruti kanali, laki mbili, narudi mara mbili au tatu. Halafu kuna kofia ya jino, bei yake ya peke yake, laki mbili na nusu. Nikasema naenda kufikiria.

Sasa juzi Ijumaa nimeamka, jino kimya. Chai ya moto nimekunywa, kimya. Mume wangu anasema Mungu ametenda, hiyo hela tuongezee kwenye vitambaa vya msimu wa harusi. Kama limepona, nihangaike nini? Halafu dada yangu aliyewahi kufanyiwa anasema alipiga kelele mpaka waliokuwa foleni wakaondoka. Nisaidieni.

MzeeWaKihonda

Ng'oa mama, ulale. Laki nne na nusu kwa jino moja? Mimi nimeng'oa manne na mahindi ya kuchoma nakula. Naanzia upande wa kushoto tu.

binti_tanga

Dada, mimi nilisafishwa gego la juu mwaka juzi. Maumivu ya kawaida, ganzi ikiisha unakunywa panado. Kosa langu likawa kuiruka kofia, nikajiambia jino haliumi tena, kofia ya nini? Miezi saba mbele nikatafuna kashata, likapasuka wima mpaka chini ya ufizi. Likang'olewa. Kwa hiyo nimelipa kutibu, nimelipa kung'oa, na jino sina. Kama hela ya kofia huioni kabisa hata kwa mbali, fikiria vizuri.

tabibu_kinywa

Fundi, mimi ni daktari wa meno. Picha yako sijaiona, kwa hiyo nasema kwa ulivyoeleza.

Jino halijapona. Ndani yake kuna nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, imezungukwa na ukuta mgumu pande zote. Ikivimba haina pa kutanukia, na ukilala damu inaongezeka kichwani, ndiyo ule mdundo wa usiku. Lilivyonyamaza ghafla hivyo, yaelekea nyama hiyo imekufa. Bakteria hawajafa. Wanashuka na mzizi mpaka kwenye mfupa, na huko ndiko jipu linakoanzia. Wiki mbili au mwaka, siwezi kukupangia. Na usinunue amoksilini dukani ukadhani umemaliza: ndani ya jino lililokufa damu haifiki, na dawa unayomeza husafiri na damu.

Dada yako simbishii. Jino lililowaka sana ganzi hushika kwa shida, lazima useme ili daktari aongeze. Lako, kama limeshakufa, huenda usisikie chochote. Mifereji ya mizizi, gego la chini kwa kawaida ina mitatu, inasafishwa kwa vijisindano vyembamba vyenye meno kama tupa, inaoshwa kwa sodiamu hipokloraiti, ndugu wa ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, kisha inajazwa gataperka, utomvu wa mti wa Asia ya kusini-mashariki. Karafuu hukukosea, mafuta yake hata sisi tunayachanganya kwenye dawa za kuzibia. Aspirini kwenye ufizi ndiyo usirudie, ile ni asidi.

Swali la kumuuliza daktari wako ni moja: ufa umeshuka chini ya ufizi? Kama umeshuka, ng'oa, usitupe hela. Kama kuta zimebaki, tibu. Hela ya kofia ikichelewa, mwombe apunguze vilele vya jino na kuvifunika kwa ziba, lisibebe mzigo wote. Hiyo inakununulia muda, lakini si kofia.

Mzee wetu wa Kihonda, hilo pengo lako nalo lina gharama. Jino la juu hushuka kulifuata, la nyuma hulalia mbele.

Na Fundi, ukiona uvimbe chini ya taya, homa, mdomo haufunguki au kumeza kunakuwa shida, usisubiri asubuhi. Hospitali usiku huohuo.

MzeeWaKihonda

Kumbe ndiyo maana la juu linanichoma ufizi.

FundiMagauni (Alhamisi)

Nimerudi. Jana nimeenda, swali nikauliza kama nilivyoelekezwa. Ufa umeishia juu ya ufizi. Nikakaa kitini.

Sindano ya ganzi niliisikia, baada ya hapo hakuna. Alipofungua jino ilitoka harufu, nikaona aibu, yeye hata hakushtuka. Wanaweka mpira mwembamba wa kijani mdomoni, umetobolewa tundu moja, jino linachungulia hapo peke yake. Nimekaa naliwaza tundu lile, safi kuliko matundu yangu ya vifungo. Nilichoumia ni taya, saa nzima na nusu mdomo wazi. Amekuta mifereji minne, nikamwambia tabibu mmoja mtandaoni alisema mitatu, akacheka, akasema wakati mwingine huwa minne. Ameweka dawa, ameziba kwa muda, narudi Jumatano.

Nimelipa laki moja, nyingine nikimaliza. Vilele atavipunguza, kofia tumekubaliana mwezi wa tisa, harusi zikiwa zimenilipa. Leo nimetafunia kushoto tu.

Mume wangu bado anauliza vitambaa vinakuja lini.