Haworthia au mshubiri? Tuulize ua

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Ule mmea wangu wa dirishani umetoa bua, na maua yameanza kufunguka! [picha]

Baraka: Haworthia hiyo. Vitone vyeupe, majani manene yamejipanga duara. Ninayo kama hiyo.

Shangazi Mwanaidi: Marahaba wanangu. Baraka, majani ya mimea hii yanafanana mno, hayatoshi. Zuhura, lipige ua picha kwa ubavuni, karibu kabisa.

Zuhura: [picha] Rangi ya chungwa iliyokolea, karibu nyekundu. Yameinamia chini.

Shangazi Mwanaidi: Basi haworthia tuiondoe. Ua lake ni dogo, jeupe, lina mistari ya kijani au kahawia, na mdomo wake umegawanyika: petali tatu zimekunjukia juu, tatu chini. Bua nalo jembamba kama waya. La Zuhura ni mrija mrefu, na mdomo haukugawanyika hivyo.

Baraka: Kweli, yangu ilitoa vijiua vyeupe tu 😮

Baba Mdogo Hamisi: Dada, haiwezi kuwa gasteria? Nayo maua yake yananing'inia.

Shangazi Mwanaidi: Umeuliza vizuri. Ua la gasteria limejipinda na upande wa shinani limevimba waziwazi, rangi ni ya waridi na ncha za kijani. Halafu nyingi majani yake hukaa safu mbili zinazotazamana. Hili silo. Zuhura, kingo za majani zikoje? Na ncha?

Zuhura: Kingo zina vijimeno vyeupe, laini, havichomi. Nchani kuna kama unywele mkavu.

Shangazi Mwanaidi: Hapo nimeridhika! Ni Aristaloe aristata, jamaa wa mshubiri. Zamani ukiitwa Aloe aristata, kisha wataalamu wakaupa jenasi yake, yaani kundi lake wenyewe la kisayansi. Asili yake Afrika Kusini na Lesotho. Aliyeuandika kwanza, mwaka 1825, ni Mwingereza Adrian Haworth, na haworthia zimepewa jina lake yeye. Nalipenda sana hilo.

Baraka: Kwa hiyo utomvu wake tunaweza kupaka ngozini kama mshubiri?

Shangazi Mwanaidi: Hapana mwanangu. Ujamaa wa mimea si ruhusa ya kuitumia. Ipo mimea yenye utomvu unaowasha vibaya, na hili nawaomba mlishike wote.

Zuhura: Shangazi, ukimaliza kutoa maua hautakufa? Niliona mkonge ulivyokauka wote.

Shangazi Mwanaidi: Mkonge ndio hutoa maua mara moja ukafa. Huu utaishi na kuchanua tena. Bua likishakauka lenyewe, likate karibu na majani. Maji umwagilie udongo ukikauka, yasituame katikati ya majani, utaoza.

Baba Mdogo Hamisi: Na mimi ninao wa namna hiyo, haujawahi kuchanua.

Shangazi Mwanaidi: Unaukalisha wapi, kaka? Usogeze penye mwanga zaidi, kidogo kidogo usije ukaungua. Ukitoa ua, tuma picha ya ubavuni.