Naomba ushauri: nifundisheje habari za Bayume Mohamed Husen, Mwafrika aliyefia kambi ya Wanazi, bila kupotosha habari ya Wayahudi?

Habari zenu wapendwa. Mimi ni mwalimu wa Historia, sekondari. Naomba msaada wenu, hasa walimu wenzangu.

Kipindi cha kwanza nilieleza Sheria za Nuremberg za 1935 (sheria za ubaguzi za Wanazi wa Ujerumani, zilizowanyima Wayahudi uraia na kuwakataza kuoana na Wajerumani), kambi zao za mateso na mauaji, Wayahudi milioni sita waliouawa, pia Waroma na Wasinti (jamii za wachache za Ulaya). Darasa lilinakili kimya. Kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, sisi inatuhusu nini?"

Kipindi kilichofuata nikawaletea Husen: mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904, askari mtoto wa Wajerumani kwenye Vita vya Kwanza, baadaye mwalimu wa Kiswahili huko Berlin. 1941 alikamatwa kwa kuhusiana na mwanamke Mjerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen bila kesi. Alifia humo Novemba 1944. Nilipowaonyesha picha ya kile kibao cha shaba chenye jina lake, kilichopachikwa njiani Berlin, walisogea mbele wote.

Shida niliikuta kwenye madaftari. Mmoja kaandika: "Wanazi walijenga kambi kuua Wayahudi na Waafrika." Imeniuma, maana Wayahudi waliwindwa nchi baada ya nchi, hadi watoto wachanga, na nisingependa hilo lififie kwa sababu yangu.

Naomba kuuliza: nianze na sheria za 1935 ndipo nimlete Husen, au yeye awe mlango wa somo? Na neno "Maangamizi" (Holocaust) mnalitumia kwa Wayahudi peke yao, au na Waroma?

Natanguliza shukrani.